Mita Hujuaje kwamba Umeme Huu ni Wake?

Magindu ni kata ya Wilaya ya Kibaha, Mkoa wa Pwani, na jina lake wasafiri wa Reli ya Kati wamelisikia kwa miaka mingi. Taa inapozimika jioni katika nyumba moja huko kwa sababu uniti zimekwisha, hakuna anayepanda gari kwenda mjini kumtafuta karani wa umeme. Mwenye nyumba hutoa simu, hulipa shilingi 1,000, na baada ya kitambo kifupi hupokea ujumbe wenye tarakimu 20. Huzibonyeza moja baada ya nyingine, na taa huwaka.

Jambo hili limezoeleka hata watu wameacha kulistaajabia. Lakini mita ya LUKU ya kawaida haina waya wa simu wala redio ya kuzungumza na ofisi ya TANESCO. Haijui ni nani aliyelipa, wala haijui kwamba fedha zimekwisha kupokewa. Kitu pekee kinachoifikia kutoka duniani ni zile tarakimu 20, zikibonyezwa kwa kidole cha mtu ambaye huenda akawa mwenye haki, au mtoto achezaye, au mjanja ajaribuye bahati yake. Kifaa kilichotengwa namna hii kinawezaje kujua kwamba umeme ulioagizwa ni wake na si wa jirani, kwamba ni uniti kadhaa wala si zaidi, na kwamba agizo lenyewe halikutumika jana?

Jibu limo katika utaratibu wa kuvipa vitu namba za utambulisho ambazo mtengenezaji, muuzaji na mnunuzi wote wanazisoma kwa maana moja.

LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, iliingia Tanzania katika miaka ya 1990. Ulikuwa wakati uleule ambapo shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, lilikabiliwa na kazi ya kuwaunganishia umeme mamilioni ya watu walionyimwa huduma hiyo wakati wa ubaguzi wa rangi. Nyumba nyingi hazikuwa na anwani ya posta ya kupelekea ankara, na kuajiri wasomaji wa mita kwa nyumba zote hizo kungekuwa gharama kubwa. Mita za malipo ya kabla zilikwisha kuwapo, ila kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Shirika lililonunua mita za kiwanda kimoja lilikuwa kama mtu aliyeoa ukoo mzima: mashine za kuuzia, vipuri na mafundi, vyote vilipaswa kutoka hukohuko. Kwa hiyo wahandisi walitunga kanuni moja kwa viwanda vyote. Mwaka 1997 iliundwa jumuiya ya kuisimamia, iitwayo kwa ufupi STS, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ikaitoa kuwa kiwango cha dunia chenye namba 62055-41. Tarakimu 20 zinazobonyezwa Magindu hufuata kanuni hiyo.

Namba ya mita

Kila mita ina namba yake iliyoandikwa usoni. Namba hii haikutolewa ovyo kama namba ya bahati nasibu. Katika mita zenye namba ya tarakimu 11, mbili za kwanza humtaja mtengenezaji, nane zinazofuata ni za mita yenyewe katika mfululizo wa kiwanda hicho, na moja ya mwisho ni tarakimu ya uhakiki. Tarakimu mbili haziwezi kutaja zaidi ya viwanda 100, nao wenye viwanda wakazidi kuongezeka. Ndiyo sababu baadaye nafasi ya mtengenezaji ilipanuliwa kuwa tarakimu nne, na mita za namna hiyo huwa na namba ya tarakimu 13.

Tarakimu ya uhakiki inastahili kuangaliwa kwa makini, maana mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuikokotoa kwa kalamu. Kanuni yake ni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyeiombea hataza nchini Marekani mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960. Ichukuliwe mita ya kubuni ambayo tarakimu zake kumi za kwanza ni 0123456789. Kuanzia kulia, tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa mbili, ya pili huachwa, ya tatu huzidishwa, ya nne huachwa, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Zao likizidi 9, hutolewa 9. Basi 9 inakuwa 18, nayo ikitolewa 9 inabaki 9, 8 inabaki 8, 7 inakuwa 14, yaani 5, 6 inabaki, 5 inakuwa 10, yaani 1, 4 inabaki, 3 inakuwa 6, 2 inabaki, 1 inakuwa 2, na 0 inabaki 0. Jumla ni 43. Ili kufikia 50 inahitajika 7, na hiyo 7 ndiyo tarakimu ya mwisho. Namba kamili ni 01234567897.

Sasa mnunuzi mwenye haraka akibadilisha nafasi za 5 na 6, jumla ya zile kumi inakuwa 44, na tarakimu ya mwisho ingetakiwa iwe 6. Imeandikwa 7. Mashine ya kuuzia inatambua palepale kwamba namba hiyo si ya mita yoyote, nayo inakataa kabla fedha hazijapokewa. Kosa lolote la tarakimu moja hunaswa kwa njia hii. Kubadilishana kwa tarakimu mbili zilizo jirani hunaswa pia, isipokuwa 0 na 9, kwa kuwa 09 na 90 hutoa jumla ile ile. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi wao jambo hili walithibitishe wenyewe.

Wakazi wa Magindu wana mfano mwingine wa hesabu kama hii. Makontena yanayosafirishwa kwa reli, au yanayotua bandari kavu ya Kwala katika wilaya hiyohiyo ya Kibaha, yana herufi nne na tarakimu saba ubavuni. Tarakimu ya saba huwa ni ya uhakiki, ingawa kanuni yake ni nyingine.

Uhakiki huu una mpaka wake, na hapa ndipo fedha za watu hupotelea. Mtu akiandika namba iliyokosewa kabisa, katika kila namba kumi za namna hiyo moja hupita kwa bahati tu. Namba hiyo ikiwa kweli ni ya mita ya mtu mwingine, mashine haina la kusema: namba ni sahihi, ila si ya mnunuzi. Tokeni itakayotoka itakataliwa na mita yake, na mita ya yule asiyemjua ndiyo itakayoikubali. Kwa sababu hiyo muuzaji mwangalifu humsomea mteja namba kwa sauti kabla ya kupokea fedha, wala hatosheki na karatasi iliyokunjwa mfukoni.

Ndani ya tarakimu ishirini

Kompyuta huandika namba katika kizio cha mbili, yaani kwa 0 na 1 peke yake, na kila nafasi moja huitwa biti. Tokeni ya LUKU ina biti 66. Namba kubwa inayoweza kuandikwa kwa biti 66 ina tarakimu 20 katika kizio cha kumi, na huo ndio urefu wa tokeni.

Biti 2 hutaja daraja la agizo: kuongeza uniti, kuipima mita, au kuibadilishia mita mambo yake ya ndani. Zinazobaki ni 64. Kwa agizo la kuongeza uniti, 4 hueleza ni huduma gani, maana kanuni hiyo hutumika kwa maji na gesi pia. 4 ni za kubahatisha. 24 ni za wakati. 16 ni za kiasi. Na 16 za mwisho ni uhakiki wa yote yaliyotangulia. Kiasi huhesabiwa kwa sehemu ya kumi ya uniti. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na asilimia 22 ya kodi na tozo juu yake: 18 ya ongezeko la thamani, 3 ya umeme vijijini na 1 ya EWURA. Jumla ni shilingi 122. Shilingi 1,000 zikigawanywa kwa 122 hutoa uniti 8.2, yaani sehemu za kumi 82. Katika biti zake 16 kiasi hicho huandikwa 0000000001010010.

Lakini kama mambo yangeishia hapo, mwanafunzi hodari angejitengenezea tokeni nyumbani. Biti zile 64 hazitumwi wazi. Hufumbwa kwanza kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo hutokana na utambulisho wa mita. Namba ya mita huwekewa mbele yake tarakimu 600727, ambazo ni alama ya kimataifa ya utaratibu huu, na tarakimu nyingine ya uhakiki nyuma yake, hata jumla ikawa tarakimu 18. Huongezwa namba ya kundi la ugavi, yenye tarakimu sita, inayomtaja muuzaji wa umeme. Tena namba ya aina ya bei, na namba ya toleo la ufunguo. Vyote hivyo hupikwa pamoja na ufunguo mkuu unaotunzwa na muuzaji ndani ya kifaa kisichofunguliwa. Matokeo yake, mita mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, zikafungwa katika nyumba mbili zinazotazamana, hazina ufunguo mmoja.

Tokeni ya jirani ikibonyezwa katika mita isiyo yake, mita hiyo huifumbua kwa ufunguo wake na kupata takataka. Zile biti 16 za uhakiki haziwiani na zilizobaki, na tokeni inakataliwa. Uwezekano wa takataka hiyo kupita kwa bahati ni takriban 1 katika 65,536.

Dakika ya mwisho

Linabaki swali la tatu: mita inakumbukaje kwamba tokeni hii ilikwisha kutumika? Biti 24 za wakati ndizo zinazojibu. Katika hesabu ya awali, kila tokeni ilibeba idadi ya dakika zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1993. Mita yenyewe haina haja ya kuwa na saa. Hutunza kumbukumbu ya dakika za tokeni zilizotangulia, angalau 50. Ikiletewa tokeni yenye dakika iliyomo katika kumbukumbu, husema imetumika. Ikiletewa iliyotangulia zote, husema imepitwa na wakati.

Biti 24 zinaweza kuandika namba 16,777,216 tofauti, kuanzia sifuri. Dakika hizo zikigawanywa kwa 1,440, ambazo ni dakika za siku moja, hupatikana siku 11,650 na ziada. Kuanzia 1 Januari 1993 hesabu hiyo huishia tarehe 24 Novemba 2024. Katika dunia nzima, kila mita iliyofuata kanuni hii kwa tarehe hiyo ya mwanzo ilikuwa na siku moja ya mwisho.

Kuirudisha hesabu kwenye sifuri hakukutosha. Mita ingeona tokeni yenye dakika 5, ikilinganisha na milioni 16 zilizomo katika kumbukumbu yake, na kuikataa kwa kuwa ni ya kale mno. Ilibidi kumbukumbu ifutwe. Lakini mita iliyofutwa kumbukumbu ingezikubali tena tokeni za zamani zilizohifadhiwa kabatini, na umeme uliokwisha kutumika ungetumika mara ya pili. Dawa ikawa kubadilisha ufunguo pamoja na kufuta kumbukumbu, ili tokeni zote za zamani zigeuke takataka. Hesabu mpya ya dakika ilianzia 1 Januari 2014.

Hapa ndipo Watanzania walipokutana na hesabu hii ana kwa ana. Katika mwaka 2024 TANESCO iliwataka wateja wake wote wa LUKU kuboresha mita zao, na aliyenunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20, jumla 60, ayabonyeze kwa kufuatana. Wengi walidhani mashine imekosea. Wengine walihofu kuibiwa. Ukweli ni kwamba ufunguo mpya una biti 64, na tokeni moja, ikiisha kutaja daraja lake na uhakiki wake, haina nafasi ya kuzibeba zote. Nusu ya ufunguo ilisafiri katika kundi la kwanza na nusu katika la pili. Kundi la tatu lilikuwa uniti zilizonunuliwa, zikiwa zimekwisha kufumbwa kwa ufunguo mpya. Aliyeruka makundi mawili ya kwanza na kubonyeza la tatu, mita yake ilimkatalia.

Mita iliyopitwa na tarehe hiyo haikuzimika. Uniti zilizokuwamo ziliendelea kutumika hadi zikaisha, ila hakuna tokeni mpya ambayo ingekubaliwa kabla ya ufunguo kubadilishwa. Mwenye duka aliye nyumbani kila siku hakuwa na shida kubwa. Shida iliikabili nyumba iliyofungwa ambayo mwenyewe yuko mbali, au jengo lenye mita ambayo hakuna anayekumbuka mara ya mwisho kununuliwa umeme ilikuwa lini.

Je, wahandisi wa kwanza walikosea kutoa biti 24 tu? Kuwalaumu si haki. Biti moja zaidi ingeongeza muda hadi karibu miaka 64, lakini biti 67 zina namba nyingi kuliko zile zinazoandikika kwa tarakimu 20. Tokeni ingekuwa ya tarakimu 21, na kila mnunuzi angeongeza mbonyezo mmoja kila anaponunua umeme kwa maisha yake yote. Walipima uchovu wa kidole dhidi ya tarehe iliyokuwa mbali. Kwa hesabu ya sasa tarehe nyingine kama hiyo ni 24 Novemba 2045.

Namba moja, kazi nyingi

Namba njema ya utambulisho ina hatari moja: kila ofisi huitamani. Tangu Agosti 2021, kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kodi ya majengo ilianza kukusanywa kupitia ununuzi wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 1,000 kwa mwezi na kila sakafu ya ghorofa shilingi 5,000. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa kuwa 1,500 na 7,500. Sababu yake inaeleweka. Nyumba nyingi hazikuwa na namba ya kuaminika katika vitabu vya kodi, lakini zilikuwa na mita, na mita ilikuwa na namba iliyohakikiwa.

Hata hivyo mita si jengo, wala jengo si mtu. Namba ya mita hutaja kifaa kilichotoka kiwandani. Nyumba moja yaweza kuwa na mita mbili, na mita moja yaweza kuhudumia vyumba vya wapangaji sita. Mpangaji aliyenunua umeme alijikuta akitoa kodi ambayo ni wajibu wa mwenye nyumba, kisha ikamlazimu kupatana naye katika kodi ya pango. Hesabu ya Luhn haiwezi kunasa tatizo hili, kwa sababu tarakimu zote ni sahihi. Kilichochanganywa ni maana.

Waendeshaji wa gridi za Ulaya waliliona tatizo hili walipoanza kuuziana umeme kwa wingi kupitia mipakani. Umoja wao, ambao leo huitwa ENTSO-E na makao yake ni Brussels, husimamia namba iitwayo EIC, yenye nafasi 16. Mbili za kwanza hutaja ofisi iliyoitoa. Ya tatu ni herufi, na ndiyo yenye busara kuliko zote: X ni mshiriki wa soko, yaani kampuni, Y ni eneo, Z ni mahali pa kupimia, W ni chanzo kama kituo cha kuzalisha umeme, T ni njia ya kuunganisha gridi mbili. Hufuata nafasi 12 za jina, na ya mwisho ni ya uhakiki. Eneo la Ubelgiji huandikwa 10YBE----------2. Anayeisoma hawezi kudhani kwamba ni kampuni, kwa kuwa Y imekwisha kusema ni eneo. Kampuni ikiuzwa, X yake hubadilika katika mkataba na Z ya mita hubaki palepale.

Afrika ya Mashariki nayo imeingia katika biashara ya namna hiyo. Umoja wa gridi wa kanda, EAPP, uliundwa mwaka 2005, na Tanzania ilijiunga mwaka 2010. Njia ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia hadi Kenya ilianza kazi mwaka 2022. Njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya, Kenya, na Singida iliunganisha gridi za Kenya na Tanzania Desemba 2024. Mwaka 2025 Serikali ya Tanzania ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Katika mpango kama huo kuna muuzaji, kuna mwenye njia ya kupitishia, na kuna mnunuzi. Kila mmoja ana kitabu chake, na kiasi cha umeme kilichoondoka hakilingani na kilichofika, kwa kuwa sehemu hupotea njiani kama joto. Mita ya Isinya ikiandikwa kwa jina moja Nairobi na kwa jina jingine Dodoma, upotevu huo hautakuwa na mwenyewe, na mzozo juu yake utalipwa kwa shilingi za wateja.

Umeme wenyewe hauna rangi wala alama. Ule uliozalishwa Ethiopia, ukiingia katika gridi, hautofautiki na wa Bwawa la Julius Nyerere la mto Rufiji, ambao hupita kituo cha Chalinze, mkoa uleule wa Pwani. Ukifika Magindu, mita itauhesabu kwa sehemu za kumi za uniti, ikipunguza 82 hadi sifuri, kisha itasubiri tarakimu 20 nyingine.